Fungu la Wazazi Limejaa

Hapo zamani za mwaka juzi, katika nchi moja yenye bendera, wimbo, na barabara moja ya lami inayoishia nyumbani kwa Waziri, palikuwa na mimi. Mimi naitwa Shomvi, mchimba vyoo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji utanivumilia nikieleza mambo makubwa kwa maneno madogo. Serikali naijua kwa upande wake wa chini tu. Nimewachimbia wakubwa wengi, na naweza kuapa mbele ya yeyote kwamba wanakula vizuri.

Nchi yenyewe siitaji. Siyo kwamba naogopa. Jina lake limesajiliwa, na kulitumia kunahitaji kibali.

Sasa, mwaka huo, Wizara ya Afya na Mwonekano ilituma wataalamu kumi na wawili wachunguze mwenendo wa matumizi ya damu hospitalini. Nani anawekewa, kiasi gani, kwa nini. Wataalamu wakachunguza miezi minane wakiwa hotelini, kwa sababu hospitalini kulikuwa na harufu. Walipomaliza tukaitwa uwanjani, wanafunzi, vibarua, walemavu, sote, tukapangwa juani, na Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Lugongo, akapanda jukwaa lenye kivuli.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimekuja na habari ya kutisha. Uchunguzi umebaini kwamba damu yote inayotolewa katika hospitali zetu, nasema yote, asilimia mia kwa mia, inatumiwa na wagonjwa!"

Uwanja mzima ukaguna. Mama aliyesimama mbele yangu akaziba mdomo kwa kanga. Mimi mwenyewe, sikufichi, niliwachukia wagonjwa siku ile. Kumbe ndio wao!

"Na katika hao wagonjwa," Waziri akaendelea, jasho la huruma likimtoka, "wapo vinara! Wazazi! Kina mama wanaokwenda kujifungua, hao peke yao wanamaliza karibu nusu. Kwenye chati yangu wamesimama kama mnazi katikati ya mchicha. Hiyo ndiyo haki tuliyoipigania? Mwanaume aliyegongwa na trekta hana damu yeye? Mzee wa watu hana haki ya kuongezewa?"

"Anayo!" tukajibu. Na mimi nilijibu. Sauti yangu ilikuwamo.

Basi ukapitishwa Mpango wa Kunyoosha Chati. Kila friji la damu likatiwa vibao vya mbao ndani, likagawanywa mafungu. Fungu la Wazazi, Fungu la Watoto, Fungu la Wanaume wa Ajali, Fungu la Wazee, na juu kabisa, penye baridi nzuri, Fungu la Waheshimiwa. Kila fungu chupa sita kwa mwezi, sawasawa, asipunjwe mtu. Likimalizika fungu lako, unasubiri mwezi uandame. Damu isiyotumika ikikaa siku thelathini na tano inaharibika, inamwagwa. Ya Waheshimiwa haikuwahi kutumika hata tone, maana wao wakiumwa wanapanda ndege. Kwa hiyo yao ilimwagwa kwa heshima, tarumbeta ikapigwa, mganga mkuu akavua kofia. Na yale maji ya njano yanayobaki damu ikichujwa, wake wa wakubwa walikuwa wakipelekewa nyumbani kupaka usoni. Msidhani wale kina mama wanang'aa bure.

Na chati ikanyooka, jamani. Ilinyooka kama rula.

*

Mke wangu aliitwa Sikudhani Mrisho. Alikuwa anauza vitumbua, na mdomo alikuwa nao. Mtu akilalamika kwamba kitumbua kidogo, alikuwa anamwambia, "Kitazame kwa karibu, kitakua." Tulikaa miaka tisa. Mimba mbili zilitoka. Ya tatu ikashika, na tangu iliposhika yule mwanamke alitembea mtaani kama anayepeleka maji kichwani bila ngata, polepole, shingo juu.

Alijifungua tarehe kumi na tisa, saa mbili asubuhi. Mtoto wa kike, analia kwa hasira. Nikaitwa nikamwona. Nikacheka peke yangu kwenye ukumbi kama mwendawazimu.

Saa tatu akatoka muuguzi, Sista Leokadia, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Baba, mkeo anavuja. Tumefanya yote, haikati. Anahitaji damu, tena sasa hivi, chupa tatu kwa kuanzia."

"Si mmuwekee?"

"Fungu la Wazazi limejaa."

"Limejaa damu?"

"Limejaa wazazi. Chupa sita zote zimetumika. Ya sita ilikwisha tarehe nane."

"Kwenye friji hamna kabisa?"

Akatazama chini. "Zipo. Za kundi lake zipo nne. Ziko kwa Wanaume wa Ajali. Mwezi huu hawajagongwa vya kutosha."

Nikakunja mkono wa shati. Nikamwambia mimi mwanaume, nina damu, nanyanyua sururu toka asubuhi mpaka jioni, anitoe yote abakishe ya kunifikisha nyumbani.

"Kutoa utatoa," akasema, "lakini damu mpya inaanza kujaza kutoka juu. Itakwenda kwa Waheshimiwa."

Wakati tunasema hayo mtu ndani anavuja. Nataka hilo likae kichwani mwako, msomaji, kwa sababu katika taratibu zote nitakazokueleza halikuwamo kichwani mwa mtu mwingine.

Sista Leokadia alikuwa mtu mwema, na nchi yetu ina utaratibu wa kuwashughulikia watu wema, tutaufikia. Akanivuta pembeni. Akasema wao wauguzi wamejifunza namna. Mgonjwa asipoenea kwenye fungu lake, wanamhamishia fungu lenye nafasi. Juma lililopita mtoto wa miaka mitatu aliandikwa mzee mstaafu, akapona, sasa wanamtafuta apokee pensheni.

"Tumwandike mkeo mwanaume wa ajali. Jina ninalo, Bwana Feruzi Mtengela, kagongwa na baiskeli. Atakapopata nafuu tunamrudisha kuwa mwanamke. Sikudhani tunamwandika karuhusiwa, hali nzuri, mama na mtoto salama. Unakubali?"

Nikakubali. Nani asingekubali?

Tukaingia kumweleza. Alikuwa mweupe midomoni, lakini macho yalikuwa yake yaleyale.

"Nimekuwa mwanaume?" akauliza.

"Kwa leo tu, mke wangu."

"Haya. Nyumba ina wanaume wawili sasa, ugali atasonga nani?" Akapumua kidogo. "Feruzi. Si ungenitafutia jina la mwenye fedha, Sista? Mpaka uanaume napewa wa kimaskini."

Sista akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikamwambia asiseme sana. Akasema akinyamaza ndiyo nitaogopa.

*

Mwenye friji alikuwa karani. Damu haimhusu mganga, inamhusu karani. Akasoma kadi ya Bwana Feruzi Mtengela, akairudisha.

"Ajali lazima iwe na fomu ya polisi."

"Mtu anakufa, ndugu yangu."

"Sijakataa asife. Nimesema fomu."

Kituo cha polisi kiko upande wa pili wa soko. Nilikimbia na shemeji yangu, Mwantumu, mdogo wake Sikudhani. Mtoto tulimwacha kwa mama mmoja wodini. Pale kaunta tulimkuta Koplo Ndimbo, mtu mnene, mpole, anakula embe. Akasikiliza kwa upole wote.

"Feruzi kagongwa na baiskeli. Pole yake. Sasa, kagongwa na nani?"

"Hatujui, afande. Kakimbia."

"Mzee wangu, mgonjwa bila mgongaji siyo ajali. Ni ugonjwa tu huo. Siwezi kuutolea fomu. Niletee mgongaji."

Tukatazamana na shemeji. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyemgonga Feruzi."

Koplo akaweka embe chini, akafuta vidole kimoja kimoja. "Sasa tunaanza kuelewana. Kwa nini ulimgonga?"

"Bahati mbaya."

"Baiskeli iko wapi?"

"Ilikuwa ya kuazima."

"Mlikuwa na ugomvi?"

Shemeji Mwantumu akapiga meza. "Afande, andika! Andika chochote, muda unakwenda!"

"Dada, hapa ni ofisi, siyo sokoni."

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kuzungushazungusha, kila herufi na mkia wake. Alipomaliza akanivua mkanda na viatu, akaniingiza mahabusu. Kabla hajafunga akanikonyeza.

"Nimekuonea huruma, mzee. Naona wewe si mtu mbaya. Kwenye aina ya jeraha nimekuandikia *dogo*. Kesho asubuhi unapata dhamana."

Na mimi nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimshika mkono kupitia nondo, nikasema Mungu akuzidishie, afande.

*

Shemeji akakimbia na fomu. Karani akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Jeraha dogo. Kwa mujibu wa Jedwali, jeraha dogo linapewa plasta."

"Kaka, njoo umwone! Godoro limelowa mpaka sakafuni!"

"Mimi siendi wodini. Nikienda wodini nitapendelea."

Akavuka tena soko, mbio, viatu mkononi. Kituoni Koplo Ndimbo alikuwa amekwenda kula. Akamsubiri. Alirudi saa saba na nusu, ameshiba, mpole vilevile. Nikampigia kelele kutoka ndani kwamba abadilishe, aandike kubwa.

"Kubwa?" Akasikitika kweli. "Mzee, nikiandika kubwa, dhamana huna. Nikuulize tena kwa faida yako mwenyewe."

"Andika kubwa, afande. Andika la kutisha."

"Ulimgonga kwa makusudi?"

"Makusudi."

"Ulikusudia nini?"

"Chochote kinachoandikika!"

Akatikisa kichwa kwa jinsi ninavyojiharibia maisha, akaanza fomu mpya kwa mwandiko uleule wa mikia. Ile ya kwanza aliichana vipande vidogovidogo, kwa uangalifu, kwa sababu ya kutunza siri za raia.

Nilibaki ndani nimeshika nondo. Wenzangu mle, wezi wa kuku wawili na mlevi mmoja, waliniuliza nimefanya nini. Nikawaambia nimemgonga mke wangu kwa baiskeli ambayo haipo, ili awe mwanaume. Wakasogea wakaniachia nafasi ya kutosha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na shemeji. Karani aliikubali fomu ya pili. Akafungua friji. Akatoa chupa kwenye Fungu la Wanaume wa Ajali. Akaandika namba ya chupa. Akampelekea msimamizi asaini, msimamizi yuko kwenye semina ya uharaka katika huduma. Wakamfuata kwenye semina. Akasaini. Damu ikapanda ngazi. Sista Leokadia aliipokea akikimbia, akaitundika, akatafuta mshipa.

Chupa ilitundikwa saa tisa na robo. Sikudhani alikuwa amekufa saa tisa.

Kwenye daftari wameandika kwamba alipewa damu, maana chupa ikishafunguliwa imetumika. Fungu la Wanaume wa Ajali lilipanda kidogo mwezi ule, chati ikazidi kunyooka.

Shemeji alikuja kuniambia jioni. Alikaa chini mbele ya kaunta, akaweka viatu vyake pembeni, vikiwa vimepangwa vizuri, akaanza kulia bila sauti. Koplo Ndimbo akamletea maji. Halafu akaja kwenye nondo, amevua kofia.

"Pole sana, mzee. Pole mno. Nimesikia Feruzi amefariki." Akakohoa. "Sasa hii inabadilika, inakuwa mauaji."

*

Alfajiri yake shemeji alikwenda kuchukua maiti. Mtunza chumba cha maiti akamuuliza ni nani wa marehemu.

"Dada yangu."

"Marehemu Feruzi Mtengela hana ndugu walioandikwa."

"Baba, mfunue umwangalie. Yule ni mwanamke!"

"Mama, mimi sisomi maiti. Mimi nasoma kadi."

Kwa vile hakuwa na ndugu, na kwa vile alikuwa kielelezo cha kesi, Bwana Feruzi alizikwa na manispaa, mstari wa nne, upande wa wanaume wasio na kwao. Mwosha maiti alipofunua shuka alilirudisha haraka, akatazama dirishani kwa muda, akasema yeye ameandikiwa mwanaume na ataosha mwanaume. Wakamaliza kwa dakika kumi. Mimi nimechimba mashimo maisha yangu yote, nimechimba mpaka ya watu nisiowapenda. La kwake sikuchimba mimi.

Sista Leokadia alikwenda kwa mganga mkuu kusema ukweli. Alisema yote, jina, saa, chupa, akatoa na godoro. Mganga mkuu alimsikiliza, akamsifu kwa moyo wake wa utumishi, na kesho yake Sista akahamishiwa mpakani, kwenye josho, kuhesabu ng'ombe wanaoingia na wanaotoka. Ndio utaratibu niliokuahidi.

Mwezi uliofuata nikiwa rumande tulikusanywa uani kusikiliza redio. Waziri Lugongo alikuwa anapokea nishani. "Kwa mara ya kwanza katika historia," alisema, na sauti ilimkatika kwa furaha, "hospitali yetu kuu imemaliza mwezi bila kupoteza mzazi hata mmoja! Kina mama wote walioingia wametoka wakiwa hai! Nawauliza wapinzani wa chati, mnasemaje sasa?"

Mkuu wa gereza akatuamuru tupige makofi. Tukapiga. Aliyekuwa karibu yangu akaniambia nipige kwa nguvu, wanaangalia.

*

Kesi ilianza. Hakimu alikuwa mtu makini, miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Nikasimama kizimbani, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipomaliza nikadhani nimeeleweka.

"Kwa hiyo," hakimu akasema, "unadai kwamba mtu unayeshtakiwa kumuua, Feruzi Mtengela, ni mkeo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na mkeo ni Sikudhani Mrisho."

"Ndiye, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka akainuka na daftari la hospitali. "Mheshimiwa, naomba nisome. Sikudhani Mrisho. Amejifungua tarehe kumi na tisa, mtoto mmoja wa kike. Ameruhusiwa siku hiyohiyo. Hali, nzuri. Mhuri upo."

Hakimu akabadilisha miwani, akanitazama. "Mzee, mkeo ameruhusiwa akiwa mzima. Una miezi mitatu rumande. Amewahi kuja kukuona?"

"Hajaja, mheshimiwa."

"Hata mara moja? Hata kukuletea chakula?"

"Hawezi kuja, mheshimiwa. Amekufa."

"Wanawake wa siku hizi!" akasema, na kina mama waliokuwa kwenye mabenchi wakatikisa vichwa kwa aibu. "Kamuacha mume taabuni, na mtoto mchanga kamtupia mdogo wake. Karani, hilo liandikwe."

"Mheshimiwa, mfukueni. Yuko mstari wa nne. Mfukueni mumtazame!"

"Kumfukua Feruzi ni kuongeza ushahidi dhidi yako, mzee. Mahakama inakulinda usijidhuru." Akaegemea kiti. Naamini alikuwa anafikiri kwa bidii, mishipa ya paji la uso ilimtoka. "Mahakama hii ni ya haki. Wewe unasema mkeo amekufa, daftari linasema yu hai. Basi njia ni moja. Aje aseme mwenyewe."

"Aseme nini, mheshimiwa?"

"Kwamba amekufa. Akisema hivyo chini ya kiapo, nakuachia siku hiyohiyo. Kesi imeahirishwa mpaka shahidi apatikane."

Nyundo ikagonga.

Tangu hapo naletwa mahakamani kila tarehe kumi na nne. Sasa ni mwaka na miezi. Shemeji huwa anakuja, anakaa nyuma, ananinyanyulia mtoto juu ya vichwa vya watu nimwone. Ameota meno kumi. Ana mdomo, anawapigia kelele askari, anatolewa nje.

Hakimu anauliza kama shahidi yupo. Askari wa zamu anakwenda mlangoni, anaufungua wazi, anatoka barazani walipo watu wote, anavuta pumzi. Kisha anaita, kwa sauti ya mtu anayelipwa kuita, "Sikudhani Mrisho!" Watu wanageuka wanatazamana. "Sikudhani Mrisho!" Kuku anapita. "Sikudhani Mrisho!"

Mimi najua alipo. Hakuna mtu katika nchi ile ajuaye kama mimi. Lakini kila akiita mara ya tatu, Mungu anisamehe, nageuka naangalia mlango.